Kukata chuma uani Mtwara: unene kwanza, mashine baadaye

Anayeanza kuchomelea nyumbani hununua mashine ya kuchomelea, kofia na pakiti ya vijiti vya kuchomelea, kisha ndipo anakumbuka kwamba chuma hakiji kimekatwa. Skwea paipu, yaani bomba la chuma la pembe nne, inauzwa kwa mita 6, nondo kwa mita 12. Muuzaji atakukatia kipande kimoja au viwili ili mzigo uingie kwenye bajaji, na yaliyobaki ni yako. Ukitengeneza grili ya dirisha moja, kuchomelea kwenyewe ni dakika chache. Siku inaishia kwenye kupima, kukata, kuondoa ncha kali na kulinganisha pembe. Kwa hiyo vifaa vya kukatia vinastahili fikra zaidi kuliko mashine ya kuchomelea, ingawa wengi huvipa chenji iliyobaki.

Kosa la kwanza tunaloliona ni kwenda dukani kuuliza grainda gani nzuri, ile mashine ya mkono ya diski ya kukatia na kusagia, kabla ya kuangalia unakata nini. Pitia chuma unachokitumia kweli. Kwa fundi wa uani, hapa Mtwara au kule Lindi, rundo huwa halitofautiani sana: skwea paipu za ukuta wa milimita 1.2 hadi 2, engo (chuma cha umbo la L) na flati ba (chuma bapa) za milimita 3 hadi 6, nondo za 8, 10 na 12, na bati ambalo unene wake haufiki nusu milimita. Plati ya milimita 10 inakuja mara moja kwa mwaka, pengine kwa ajili ya kitako cha nguzo. Hiyo moja mpelekee mwenye gesi akukatie, ulipe, urudi nyumbani. Usinunue mashine kwa ajili ya kipande kimoja cha mwaka.

Tuanze na msumeno wa chuma wa mkono, ule ambao wengi huuruka. Ubao wake wa kawaida ni wa milimita 300, na pembeni yake kumeandikwa idadi ya meno kwa inchi: 18, 24 au 32. Kanuni ni kwamba meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya chuma kwa wakati mmoja. Ubao wa meno 24 una jino moja kila milimita 1 na kidogo, hivyo unafaa chuma cha milimita 3 na kuendelea. Nondo na vipande vinene vinataka 18. Kwa skwea paipu nyembamba chukua 32, na hata huo hautoshi ukikata ukiwa wima, kwa sababu ukuta wa milimita 1.2 unashika jino moja na nusu tu. Ulaze msumeno ili ukate kwa mshazari, na ukimaliza upande mmoja geuza paipu uanze mwingine. Asiyegeuza ndiye anayelalamika kwamba ubao umenyofoka meno siku ya kwanza.

Meno yaelekee mbele, mbali na mkono wako. Kaza nati yenye masikio mpaka ubao ukigongwa kwa ukucha utoe mlio, si kishindo. Sukuma kwa urefu wote wa ubao, mipigo 40 hadi 60 kwa dakika, ukandamize wakati wa kwenda na ulegeze wakati wa kurudi. Anayekimbiza mkono kwa sentimita kumi za katikati anachoma meno ya katikati na kuacha ncha zote mbili mpya. Nunua ubao wa baimeta, ule wa tabaka mbili za chuma, unaopinda bila kukatika. Ule mgumu wote ni rahisi bei, lakini ukipinduka kidogo tu unavunjika vipande. Na msumeno una sifa moja isiyoandikwa kwenye boksi: unaweza kukata nao baada ya Isha bila jirani kugonga ukuta.

Msumeno, grainda, tupa, vyote havina maana bila vaisi, ile jiliwa ya zamani. Hapa ndipo tunapowaambia watu watumie pesa. Vaisi ya taya za inchi 4 au 5, iliyofungwa kwa boliti nne kwenye meza nzito, itakufaa kuliko grainda ya pili. Klampu haziwezi kuchukua nafasi yake, na kuikanyaga paipu kwa mguu huku unakata ni njia ya haraka ya kupeleka diski kwenye ndala. Meza ya mbao ya mninga au mvule inatosha, mradi miguu isitikisike, na iwe na kipande cha bati juu ili cheche zisichome mbao.

Sasa grainda. Kwa karakana ya nyumbani chukua ya inchi nne na nusu, yaani diski ya milimita 115, ya wati 700 hadi 900. Ina nguvu ya kutosha kwa kila kitu kwenye lile rundo, na ni nyepesi hata ukikata juu ya kichwa. Inakata kina cha milimita 30 hivi, kwa hiyo skwea ya 40 utaikata kwa kuigeuza. Ile ya inchi 9, diski ya milimita 230, ya wati 2,000 na zaidi, ni ya watu wanaokata plati na zege kila siku. Inapobanwa inamgeuza mtu mzima, na mwanafunzi hana mikono ya kuizuia.

Angalia swichi kabla ya chapa. Grainda nyingi za bei nafuu zina swichi ya kusukuma inayojifunga yenyewe mahali pake. Umeme ukikatika ukiwa kazini, ukaiweka chini na kwenda kunywa maji, umeme ukirudi grainda inaanza kuzunguka yenyewe sakafuni. Ile ya kubana kwa kiganja, inayozima ukiiachia, ni ghali zaidi kidogo na inastahili. Ukiwa na ile ya kujifunga, jenga tabia moja: umeme ukikatika, kwanza rudisha swichi, kisha chomoa plagi.

Diski ndiyo inayokata, na ndiyo watu wanayonunua bila kusoma. Kwenye karatasi yake kuna maandishi kama A 60 T BF. Herufi A ni mchanga wa alumini oksidi, wa chuma. Ukiona C, hiyo ni ya mawe na vigae. Namba ni ukubwa wa punje, namba kubwa ikiwa punje ndogo. Herufi inayofuata ni ugumu wa gundi. BF ni gundi ya resini iliyotiwa nyavu za nyuzi. Kuna pia kasi ya juu kabisa: ya milimita 115 huandikwa mizunguko 13,300 kwa dakika, ya 230 ni 6,650, na zote mbili zinatokana na kikomo kimoja cha mita 80 kwa sekunde kwenye ukingo wa diski. Hizo ni kama kilomita 288 kwa saa.

Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa jambo moja baya linalofanyika mitaani. Fundi anavua kinga ya grainda ndogo, anaweka diski ya inchi 9 ili apate kina. Grainda ndogo inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa diski ya milimita 230 kwa kasi hiyo unakwenda mita 132 kwa sekunde, huku diski imetengenezwa kwa 80. Ikikaa salama mara ishirini si kwamba inafaa. Ikipasuka, kinga haipo, na vipande vinakwenda kwa kasi ya kilomita 475 kwa saa kuelekea shingoni na usoni. Kwa hili hatuna mjadala na mtu.

Unene wa diski ya kukatia ni milimita 1 hadi 3. Ile ya 1 au 1.2 inakata skwea paipu kama siagi, inatoa joto kidogo na ukingo safi, lakini haivumilii kupindishwa. Ya 3 inastahimili mkono wa mwanafunzi, ila inachelewa na inakula chuma zaidi. Kumbuka kwamba diski inakula unene wake: ukichora mistari kumi kwenye paipu moja na kukata kwa diski ya milimita 3 katikati ya mstari, mwisho wa paipu umepungukiwa na milimita 30. Kata kila mara upande mmoja wa mstari, upande wa kipande kinachotupwa. Mstari wenyewe uchore kwa msumari wenye ncha au sindano ya chuma. Chaki ina upana wa milimita mbili na inakudanganya. Na diski ya kukatia usisagie kwa ubavu wake, hata mara moja. Kazi hiyo ina diski yake ya milimita 6.

Hapa pwani kuna jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hayalizungumzii vya kutosha. Gundi ya resini inanyonya unyevu. Kwenye bangili ya chuma iliyo katikati ya diski kuna mwezi na mwaka umepigwa mhuri. Hiyo ni tarehe ya mwisho ya matumizi, na kawaida ni miaka 3 tangu itengenezwe. Duka la vifaa lililo wazi upande wa bahari, diski zimetundikwa kwenye waya mlangoni tangu msimu wa korosho wa juzi, hapo tarehe inaweza kuwa bado lakini diski imeshalegea. Dalili ni diski inayoisha upesi, inayomwaga punje nyingi na kutoa harufu nzito. Chukua zilizofungwa kwenye nailoni, soma bangili, kataa iliyopinda au yenye ukingo uliomeguka. Nyumbani zilaze tambarare kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, usiziache kwenye sakafu ya simenti. Aliye Newala juu ya uwanda wa Makonde ana nafuu kidogo. Aliye Mikindani au Shangani asisahau.

Ukifunga diski mpya, iache izunguke bure kama dakika moja, ukiwa umesimama pembeni, kabla ya kugusa chuma. Simama nje ya mstari wa diski wakati wote. Kinga iwe kati ya diski na uso wako, mkono wa pili uwe kwenye kishikio cha ubavuni. Kinachorusha grainda ni kubanwa: ukikata paipu iliyoegemezwa ncha zote mbili, katikati inashuka na mkato unajifunga juu ya diski. Shikilia upande mmoja tu kwenye vaisi, upande unaoanguka uwe huru, au uinuliwe kidogo na kigogo. Usisukume, uzito wa grainda wenyewe unatosha. Sauti ikishuka, umekandamiza.

Vaa miwani iliyofunga pembeni na ngao ya uso juu yake. Miwani ya jua si kinga. Kipande cha chuma kikiingia jichoni usisugue. Kinashika kutu humo humo ndani ya saa chache, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Glavu ziwe za ngozi zinazobana, si za sufi zinazovutwa na diski.

Umeme nao una sehemu yake. Grainda ya wati 800 haihitaji makuu, lakini ukinunua mashine ya wati 2,000 na kuiunganisha kwa ekstensheni nyembamba ya milimita za mraba 0.75 ya mita 50, waya peke yake unakula volti zaidi ya 20 mashine ikiwa kazini. Mota ikikosa volti inapunguza kasi, wewe unakandamiza, inavuta ampea zaidi, na siku moja inatoa moshi. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, ukunjue wote kutoka kwenye gurudumu lake, maana ukiuacha umejikunja unapata joto lake mwenyewe. Wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, usikate kwenye uwanja wenye maji, na saketi ya karakana iwe na swichi inayojikata umeme ukivuja, ya miliampea 30.

Cheche zinaruka mbali kuliko zinavyoonekana mchana. Kanuni ya kazi za moto ni kuondoa vinavyoungua ndani ya mita 11, na huku kwetu vinavyoungua viko vingi: paa la makuti la jikoni, viroba, majani makavu chini ya mkorosho, na hasa maganda ya korosho, ambayo yana mafuta yake ndani na yakishika moto hayazimiki kwa kikombe cha maji. Weka ndoo ya mchanga na ya maji, na baada ya kumaliza kaa nusu saa bado unaangalia. Pia elekeza cheche mbali na bati la nyumba na bodi ya gari. Vile vipunje vya moto vinajipachika kwenye rangi, na kwa hewa ya chumvi asubuhi ya tatu utaona madoa ya kutu uliyoyapanda mwenyewe.

Mashine ya kukatia ya mezani, ile ya diski ya milimita 355, ndiyo kila mmoja anaitamani. Inunue ukianza kutengeneza fremu kwa wingi, madirisha sita ya nyumba moja kwa mfano, si kabla. Faida yake ni pembe inayojirudia. Lakini alama za digrii zilizopigwa kwenye kitako chake usiziamini. Weka skwea ya kupimia pembe (si paipu) kati ya diski na ukingo wa kubania, rekebisha, kaza, kata vipande viwili vya majaribio uvikutanishe. Hesabu yake ni hii: skwea ya 40 iliyokatwa digrii 45 ina uso wa milimita 57 hivi, na kosa la digrii moja linaacha mwanya wa milimita moja. Vipande viwili vyenye kosa hilo vinaacha milimita mbili. Kwenye ukuta wa milimita 1.2 mwanya huo ndio unaotoboka unapochomelea, halafu lawama inaangukia ampea.

Engo iweke kama paa la nyumba, mgongo juu, ili diski ikutane na chuma chembamba muda wote badala ya kukwama kwenye bawa moja lote kwa pamoja. Sehemu ndefu ya paipu iegemezwe kwa usawa ule ule wa kitako. Na usifunge msumeno wa mviringo wa meno ya kabaidi, yale magumu yaliyobandikwa, kwenye mashine hii. Mashine ya diski ya mchanga inazunguka karibu mara 3,800 kwa dakika; ile ya meno hutengenezewa kasi ya 1,300 hadi 1,500, na meno yakizidishiwa kasi yanang'oka.

Bati halitaki grainda. Joto linachoma madini ya zinki kwenye ukingo, na ukingo huo ndio wa kwanza kula kutu hapa pwani. Tumia mkasi wa bati. Kuna wa kushoto, wa kulia na wa kunyooka, na kama unanunua mmoja chukua wa kunyooka. Alumini nayo inajaza diski mpaka inateleza tu. Ikate kwa msumeno wa meno 18 uliopakwa nta ya mshumaa. Chuma kisichoshika kutu kinataka diski iliyoandikwa INOX, ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, la sivyo unakipaka kutu usichokijua. Na ukikata paipu iliyopakwa zinki, kaa upande wa upepo. Homa ya moshi wa zinki inakuja usiku, na maziwa ambayo mafundi wanakunywa ni chakula kizuri, lakini hayaondoi zinki mapafuni.

Gesi ya oksijeni na asetilini inakata kwa kuunguza chuma chenyewe kikifika karibu nyuzi 900, ndiyo maana haikati alumini wala chuma kisichoshika kutu. Ni kazi ya mitungi miwili iliyosimama wima na kufungwa, asetilini yenye shinikizo lisilozidi bar moja, na oksijeni isiyoguswa na grisi hata chembe. Kwa mtu wa uani ni mzigo usiolipa. (Gesi ya Mnazi Bay inayotuzalishia umeme ni kitu kingine kabisa, usije ukadhani itakupunguzia bei ya mtungi.) Plazima, mashine inayokata kwa umeme na hewa ya kusukumwa, ya ampea 40 inakata milimita 10 vizuri, ila inataka kompresa inayotoa lita 120 hadi 180 kwa dakika, na hewa kavu. Hewa ya Mtwara si kavu. Usipomwaga maji ya tangi kila siku na kuweka chujio, ncha za plazima utazinunua kama vijiti. Kukata kwa kijiti cha kuchomelea cha milimita 3.2 kwa kupandisha ampea inawezekana kwa boliti iliyogoma. Ukingo wake unahitaji kusagwa upya wote.

Pipa la mafuta usilikate kwa grainda, gesi wala kijiti, hata kama limekaa mwaka bila kitu. Mvuke unaobaki kwenye mikunjo ya vifuniko unatosha kulipua. Anayetaka jiko la pipa anunue lililokwisha kufunguliwa, au alijaze maji mpaka juu na alikate kwa tindo na nyundo, polepole.

Kwa hiyo mpangilio wa kununua, kama pesa inakuja kidogo kidogo: vaisi na msumeno wenye mbao za 18, 24 na 32, tupa moja bapa, mkasi wa bati, kisha grainda ya 115 na diski kumi za milimita 1.2 na mbili za kusagia. Kisha waya mzuri. Mashine ya mezani baadaye sana. Na weka akiba ya kaboni za grainda, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, jozi moja. Ukiona cheche nyingi ndani ya matundu ya mota na mashine inakata na kuacha, fungua vifuniko viwili vya ubavuni, pima kaboni. Zikibaki milimita 5 au 6 zibadilishe zote mbili kwa pamoja, na kabla ya kufunga pulizia vumbi la chuma lililojaa humo ndani.